Toleo Lenye Chumvi

Saa kumi na moja alfajiri, Ng'ong'ona.
Mchanga wa usiku umeshika bawaba,
naufungua mlango wa maabara kwa bega.
Mashine arobaini rafuni, taa zake kijani,
na jana zilikuwa mikononi mwa wanafunzi:
Nyemo alizigeuza ruta, akazipoteza njia makusudi,
Chiwanga akaziangusha kwa mafuriko ya pakiti
(mafuriko, Dodoma hii, mwezi wa tisa!).
Haulizwi mtu. Uwanja wa majaribio ndio huo,
vunja, kisha niachie mimi.

Naita taswira.
Faili moja, gigabaiti sita na ushee,
mfumo mzima umejikunja humo
kama mbegu ya uwele kibuyuni.
Inashuka kwenye kebo mara moja, zote zinakinga,
na dakika kumi na moja baadaye
hakuna mashine inayoikumbuka jana.

Ila chumvi.

Ndahani, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
siku aliyoipiga taswira alikuwa na haraka,
akasahau kijifaili kwenye folda yake,
maneno manne: *Chumvi. Dawa ya mbuzi.*
Miaka mitano nafuta, napakia, nafuta,
na kila alfajiri mashine arobaini zinaamka
hazijui lolote la dunia
isipokuwa kwamba mbuzi wa mtu wanaumwa Mpwapwa.

Nilicheka. Nikazoea. Nikaacha kuiona.

Jumatano Nyemo akaja na daftari:
"Dada Sechelela, nimebisha mashine ya tatu,
nikabisha ya kumi na tisa,
zimeitika kwa ufunguo mmoja,
alama ya kidole ileile.
Sasa nitajuaje nimeingia kwa nani?"

Nikakaa chini.
Nikamkumbuka shangazi Mbeleje kule Hombolo,
mwaka aliokata pingili mia tatu
kwenye mzabibu wa jirani, kwa kuwa ulikuwa karibu.
Zote zilishika. Zote zikatoa majani mazuri.
Zote mia tatu, wiki moja, zikaota ukungu uleule,
naye akasimama katikati ya mistari na mkasi,
akitukana kwa Kigogo, asijue aanze na upi.

Basi usiku ule sikwenda nyumbani.
Nilifungua taswira kama mtu anayechambua mchele:
funguo nje, kila mashine ijichongee wake siku ya kwanza,
jina nje, anwani ya kadi nje,
nywila ya Ndahani, ambayo ni jina la binti yake, nje,
amri alizoandika akakosea akaandika tena,
nje, nje.
Saa sita umeme ukakatika ikiwa asilimia themanini.
Jenereta likakohoa, likakataa.
Nikaanza upya saa nane, bila kuongea na mtu.

Na mwisho kabisa, peke yake kwenye folda tupu,
maneno manne.

Nilisubiri kuche, nikampigia.
Akapokea katikati ya mnada, ng'ombe wakilia,
mtu akipaza bei nyuma yake.
"Chumvi gani?" akasema.
"Mbuzi gani? Wale? Wale waliisha mwaka uleule."
Kisha kimya, ng'ombe tu,
kisha: "Kumbe nilisahau kununua."

Nikafuta.

Leo zimeamka arobaini kwa majina arobaini.
Nyemo anazibisha moja moja, kila mlango na sauti yake,
anacheka kama mtoto kwenye kijiji kigeni.
Mimi nasikiliza feni.
Maabara imekuwa safi mno,
sijui niseme nini juu ya hilo.

Taswira ya zamani iko kabatini, kwenye diski ya kando,
maana fundi hatupi toleo lililowahi kuwaka.
Nimeibandika plasta, nikaandika kwa kalamu ya wino:
*Ya Ndahani. Usiipakie.*
Chini yake, kwa herufi ndogo,
*ina chumvi.*